Mtu wa Pili Chumbani

Mzee Ralaivao alikata roho Jumanne asubuhi, wakati mkwewe Voahangy akizungumza kwenye simu na mwanamke wa Ufaransa aliyekuwa akilalamikia godoro.

Godoro lilikuwa limefika na doa. Yule mwanamke alitaka kujua doa lile ni la nini, nani amelilalia kabla yake, na kwa nini kila akipiga simu anapokelewa na mtu mwingine. Voahangy alimjibu kwa Kifaransa laini, hedifoni masikioni, mgongo wima, akitabasamu kwa sababu alifundishwa kwamba mteja husikia tabasamu. Kazini hakuitwa Voahangy. Aliitwa Sylvie.

Nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha wazee, mama mkwe alitoa sauti fupi kama mtu aliyejichoma kidole kwa chungu cha moto. Kisha akaita, "Voahangy! Njoo! Baba yako!"

Hakwenda. Anayekata simu kabla ya mteja huandikiwa kosa, na yeye alikuwa na makosa mawili tayari, yote ya mwezi uliopita umeme ulipokatika na betri ya akiba ikamsaliti. La tatu lingemfungia akaunti. Hakuna mtu ambaye angemfukuza, maana hakukuwa na mtu. Programu yenyewe ndiyo iliyopokea simu na kuzigawa, ikapiga picha ya skrini na ya uso wa mfanyakazi, ikapima kelele za chumba na kutoa alama. Ndiyo iliyofunga mlango vilevile.

"Ndiyo, madamu," alisema Voahangy. "Naelewa kabisa, madamu. Ni jambo la kuudhi sana."

Mwanamke wa godoro aliendelea. Alisimulia mgongo wake na talaka yake. Alipokata simu hatimaye, mama mkwe alikuwa haiti tena.

Voahangy alivua hedifoni akafungua pazia. Mama mkwe, Bi Ravao, alikuwa ameketi kitandani, kichwa cha mumewe mapajani. Mto mdogo ulikuwa bado mkononi mwa marehemu, umebanwa kifuani karibu na kidevu. Alikuwa mgonjwa wa mapafu, na tangu mkwewe aanze kazi ya simu alijifunza kukohoa ndani ya mto, ili kikohozi kisihesabiwe. Nyumba nzima ilikuwa imejifunza. Hata Fitia, mtoto wa Voahangy wa miaka saba, alikuwa akicheka bila kutoa sauti siku hizo.

"Nilikuita," alisema Bi Ravao.

"Nilisikia, mama."

Bi Ravao alimtazama, kisha akautoa ule mto polepole kwenye vidole vya mumewe akauweka sakafuni.

Kwenye skrini simu nyingine ilikuwa inamulika.

* * *

Msimamizi wake aliitwa Tahiry, kijana wa Antananarivo hii hii, mwenye ofisi katikati ya mji na adabu nyingi. Voahangy alimwandikia kwamba kuna msiba nyumbani, anaomba ruhusa hadi Jumamosi. Tahiry alimpigia mwenyewe, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Pole sana, dada Voahangy. Ni nani?"

"Baba."

"Baba mzazi?"

"Baba mkwe. Nimeishi naye miaka kumi, Tahiry."

Alimsikia akibofya kitu.

"Ruhusa ya msiba ni kwa mzazi, mume au mtoto," alisema. "Mkwe hayumo. Nimeangalia mara mbili, dada, naapa. Wenye kampuni ni watu wa kule. Kwao mkwe ni mtu wa kuonana Krismasi tu."

"Basi niandikie likizo bila malipo."

"Hii ni wiki ya tathmini. Anayekosa zamu wiki hii mfumo unamtoa wenyewe, unaweka mwingine. Unajua wanaosubiri nafasi ni wangapi? Hata mimi binamu yangu anasubiri." Akashusha sauti. "Maliza mpaka Alhamisi jioni tu. Ukipita tathmini, Ijumaa naweza kukupanga zamu ya maandishi, haina simu. Lakini mpaka Alhamisi usiguse kitu, dada. Usikose, usihame, usikate."

"Nyumba itajaa watu."

"Nenda kwa jirani."

"Mahali pa kazi pamesajiliwa. Mlipiga picha ya ukuta wangu nyie wenyewe. Nikihama inakataa."

"Kweli," alisema Tahiry. "Kubadilisha ukuta ni mpaka waidhinishe kule." Akakohoa kidogo. "Basi waombe ndugu wasipige kelele."

Solofo, mume wa Voahangy, alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Tangu kiwanda cha nguo kifungwe alikuwa akibeba matofali kazi ilipopatikana, na kwa wiki kadhaa hakuna hata kipande cha mkate ndani ya nyumba ile kilichokuwa kimetoka mkononi mwake. Alilijua hilo, na watu wote wa mtaa wa Itaosy walilijua.

"Anasemaje?" aliuliza.

"Anasema tulie kimyakimya."

Solofo alicheka, kisha akakumbuka na kujifunika mdomo. Baba yake alikuwa amelala pale, anangoja kuoshwa.

* * *

Mzee Rabenja, mdogo wake marehemu, alifika alasiri kutoka Arivonimamo, liliko kaburi la ukoo. Alivaa kofia ya majani na koti zito la baridi ya Julai, na alikuwa mzungumzaji wa misiba na harusi, mtu anayeweza kusema bila kupumua wageni wakasahau njaa. Alisimama mlangoni akakitazama chumba. Kisha akanyoosha fimbo.

"Ile ni nini?"

Alikuwa anaonyesha pembe ya kaskazini-mashariki, karibu na dirisha. Kila nyumba ina pembe hiyo. Ndipo mababu wanapoitwa, ndipo mkubwa wa nyumba anapokaa, na mtu akifa hulazwa kando ya ukuta wa mashariki, kichwa kikielekea huko. Katika nyumba ya Ralaivao pembe ile ilikuwa na meza ya mbao, kompyuta, betri ya gari, na kisanduku cha intaneti kilichofungwa kwa kamba kwenye nondo za dirisha, kwa kuwa hakikushika mtandao mahali pengine popote.

"Ni kazi ya mke wa mwanao, shemeji," alisema Bi Ravao kwa uchovu. "Unaijua."

"Niliambiwa. Sikuamini." Rabenja alivua kofia. "Kaka yangu amekufa miguu yake ikielekea kwenye mashine."

"Aliitoa pembe mwenyewe," alisema Solofo. "Alisema mababu hawajawahi kumnunulia mchele."

"Ndiyo, na wamemjibu."

Lantosoa, dada yake Solofo, alikuwa jikoni uani na wanawake wengine, lakini mlango ulikuwa wazi. "Baba mdogo, hata mto hujaambiwa?" alisema kwa sauti ya kutosha. "Uliza habari za mto. Baba amekufa na mto mdomoni ili bosi wa wifi yangu asisikie."

"Haukuwa mdomoni," alisema Bi Ravao.

"Kidevuni basi. Nyumba yake mwenyewe!"

Voahangy alikuwa mezani. Hakuwa na mteja wakati ule, lakini zamu ilikuwa haijaisha, na kamera ilikuwa wazi. Alisikia yote akiwa ameelekea skrini kama mtoto aliyeambiwa atazame ukuta.

"Iondoke," alisema Rabenja. "Leo hii."

"Ikiondoka kazi imekwisha, baba mdogo," alisema Solofo.

"Iishe. Watu waliishi kabla ya magodoro ya Wafaransa."

Solofo alitazama viatu vyake. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayejing'oa meno, "Ng'ombe wa msiba tumekopa kwa Ramanitra muuza nyama. Mchele pia. Na gari la kwenda Arivonimamo. Ametukopesha kwa jina la Voahangy. Mimi hakunikopesha. Nilikwenda kwanza mimi, akaniambia nimtume mke wangu."

Nje, wanawake waliacha kuchambua mchele.

Rabenja alikaa kitako. Alilisugua paji la uso wake kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe alikuwa amekuja na mfuko wa viazi na bahasha nyembamba, na alijua kila aliyekuwapo ameuona unene wa bahasha.

Bi Ravao ndiye aliyeamua. Alitoa shuka zake nyeupe sandukuni. Kuta za chumba cha maiti hutandikwa nguo nyeupe hata hivyo. Basi shuka moja itundikwe kati ya meza na kitanda. Huku marehemu, kule kazi. Meza isogezwe mpaka dirishani kabisa, bila kuacha ukuta uliosajiliwa, kichwa cha marehemu kipate pembe yake.

"Na uso?" aliuliza Lantosoa kutoka mlangoni.

"Uso unabaki wazi mpaka Ndriana afike," alisema Rabenja. Ndriana alikuwa mtoto wa kwanza, fundi wa bandarini Antsiranana, kaskazini kabisa, na basi lilikuwa njiani. "Mzaliwa wa kwanza lazima amwone baba yake. Akishamwona ndipo tunafunika, na ukishafunikwa haufunuliwi tena. Hilo si la kujadiliana na mashine."

* * *

Jumatano watu walikuja makundi kwa makundi. Kwanza kanisa, kisha watu wa mtaa, kisha wenzake marehemu wa kiwanda cha zamani cha matofali. Kila kundi lilikuwa na msemaji wake. Aliingia, akavua kofia, akatoa hotuba ya kufuta machozi, akaweka bahasha, na Rabenja akajibu kwa niaba ya nyumba. Kisha wakapanga mstari kumpa mkono kila mfiwa. Walipofika kwa Solofo walitazama pembeni yake, mahali ambapo mke alipaswa kuwa.

"Mkeo mgonjwa?"

"Yuko kazini."

"Kazini wapi?"

Solofo alionyesha shuka.

Nyuma ya shuka ilisikika sauti ya mwanamke akisema kwa Kifaransa kwamba kitanda cha mtoto kinaweza kurudishwa, mradi skrubu zote ziwe kwenye mfuko wake. Mzee mmoja wa kiwanda aliinama akamnong'oneza mwenzake, na wote wawili wakajikuna pua ili wasicheke.

Wanakwaya walianza kuimba. Voahangy aliona kipimo cha kelele kikipanda kutoka kijani kwenda njano. Aliweka kiganja juu ya maiki na kukiinua alipotaka kusema tu.

"Mko kanisani?" aliuliza mteja, mzee mwenye sauti ya kukwaruza.

"Hapana, mesye. Ni redio ya jirani. Samahani sana."

"Usiizime. Mke wangu alikuwa anaimba hivyo." Mzee akasikiliza kidogo. "Mko wapi nyie? Lyon?"

Walikatazwa kusema. "Karibu na hapo, mesye," alijibu Voahangy.

"Kuna joto?"

"Kuna joto."

Alipokata simu, mzee yule alibofya nyota tano. Voahangy alizitazama akajikuta anataka kumpigia tena, amwambie ukweli, lakini simu nyingine ilikuwa imeshaingia.

Kwenye mapumziko yake mafupi alikimbilia uani kusaidia. Wanawake walikuwa wakigeuza wali na nyama ya mafuta kwenye sufuria kubwa. Alishika mwiko. Lantosoa akauchukua mwiko mkononi mwake, kwa upole kabisa.

"Acha, wifi. Utanuka moshi, Wafaransa wasije wakasikia harufu."

Wengine walicheka. Mmoja hakucheka, bibi wa jirani aliyekuwa akikata vitunguu. Lakini naye aliinamia vitunguu vyake.

"Nipe basi nioshe sahani."

"Zimeoshwa. Wewe umeshanunua ng'ombe, inatosha. Sisi wengine tuna mikono tu."

Voahangy alisimama pale na mikono yake, hajui aiweke wapi. Moshi ulimwingia machoni akashukuru, maana sasa alikuwa na haki ya kuyafuta. Kisha saa ya kompyuta ikalia ndani na akarudi mbio. Nyuma yake alisikia, "Huyo akifa, atasindikizwa na waya."

* * *

Alhamisi mchana, zamu ikielekea mwisho, wazee wa Arivonimamo waliingia. Walikuwa watu wa kaburi, wale wanaolifungua na kulifunga. Walitoa heshima zao, kisha mmoja akaitazama shuka iliyotundikwa kati.

"Rabenja, marehemu amefungiwa kama kuku anayeatamia," alisema. "Kichwa chake hakioni pembe. Hii ni nini?"

Rabenja alikuwa amesema kwa niaba ya nyumba ile siku mbili mfululizo. Sauti ilikuwa imemkauka, na macho yake yalikuwa mekundu kwa sababu ya kaka yake, ingawa hakuna aliyemwachia nafasi ya kumlilia. Alinyanyuka akaishika shuka, akaivuta yote chini.

Voahangy alihisi mwanga mgongoni. Hakugeuka. Alikuwa katikati ya simu mbili, anasubiri inayofuata, na kwenye kioo cha kompyuta, ndani ya kile kidirisha kidogo kinachoonyesha anachokiona kamera, aliona bega lake, na juu ya bega lake kitanda, na kitandani uso wa baba mkwe, umeinuliwa na mito ili wageni wauone vizuri.

Skrini ikazungukwa na ukingo mwekundu. Maandishi yakatokea. *Mtu wa pili ameonekana mahali pa kazi. Mwombe atoke chumbani ili uendelee.* Chini yake mstari mwekundu ukaanza kufupika.

"Mama," alisema Voahangy. "Mama, sogea kidogo."

Bi Ravao alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alisogea. Ukingo ulibaki mwekundu.

"Kinasema nini?"

"Kinasema kuna mtu wa pili."

"Lantosoa, toka hapo," alisema Bi Ravao, na Lantosoa, kwa mara ya kwanza bila neno, akatoka. Wazee wa Arivonimamo wakasogea ukutani. Solofo akarudi nyuma mpaka mlangoni. Chumba chote kikawa kimejibanza pembeni, na mstari uliendelea kufupika.

Bi Ravao aliinama begani mwa mkwewe akaitazama skrini kwa karibu. Macho yake hayakuwa mazuri. Aliona miraba miwili ya manjano. Mmoja ulikuwa umezunguka uso wa Voahangy. Mwingine ulikuwa nyuma, mdogo zaidi, umezunguka uso wa mumewe, na ulikuwa ukitetemeka kidogo, kama kitu kinachopumua.

Aliugusa kwa kidole.

"Kinamwona," alisema.

"Mama, ni mashine tu. Inaona macho na pua."

"Kinamwona yeye." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kinasema yupo?"

"Hakisemi hivyo, mama."

"Wewe si ndiye uliyesema? Mtu wa pili." Bi Ravao aligeuka kwa watu. "Daktari alisimama mlangoni akatazama mara moja akaandika. Hakumgusa hata. Hiki kinamtazama, kinasema ni mtu."

Alirudi kitandani upesi kuliko umri wake, akainama juu ya marehemu, akaweka shavu lake kwenye mdomo wake, akangoja. Alingoja kama anavyongoja mtu aliyesikia hatua nje ya mlango. Mwanakwaya mmoja alianza kulia.

"Ravao," alisema Rabenja. "Shemeji. Toka hapo."

"Nyamaza! Nasikiliza."

Vidole vya Voahangy vilikuwa vikimwandikia Tahiry. *Ni maiti. Si mtu, ni maiti, zuia tafadhali.* Jibu lilikuja mara moja, alikuwa macho kwenye skrini yake kule mjini. *Mungu wangu dada. Siwezi kuzuia. Ni mfumo. Lazima uso utoke.* Halafu tena: *Haraka.*

Alimtazama mumewe. Solofo alikuwa mtoto wa marehemu. Neno lake, lolote, lingetosha. Angesema acha, Voahangy angeacha. Angesema funika, ingekuwa ni mtoto amefunika baba yake. Solofo alimtazama mkewe, kisha skrini, kisha mama yake aliyelaza shavu juu ya mdomo wa maiti. Midomo yake ilifunguka. Akaangalia sakafu.

Voahangy aliinuka. Alivua mabegani lamba lake jeupe, ule mtandio alioolewa nao. Alimshika mama mkwe mabega mawili na kumwinua, naye alikuwa mwepesi, hakupinga, bado anasikiliza. Kisha akautandaza mtandio juu ya uso wa Mzee Ralaivao, akaupitisha chini ya kidevu ili usidondoke.

"We mwanamke!" Rabenja alipaza sauti. "Ndriana hajafika!"

Voahangy alikuwa ameshakaa. Mraba mdogo ulikuwa umetoweka. Skrini ilimuuliza: *Mtu wa pili ametoka chumbani?* Chini yake Ndiyo, na Hapana.

Alibonyeza Ndiyo.

Ukingo ukageuka kijani. Bi Ravao alikuwa amefuata yote kwa macho, mpaka mahali kwenye kioo ambapo mraba ulikuwa na sasa haupo. Tangu Jumanne alikuwa hajalia. Watu wa mtaa walikuwa wamelisema hilo, kwamba mama huyu ni jiwe. Sasa alilia, na sauti ilitoka chini kabisa, haikuwa na maneno wala jina, na wanawake wote uani wakaitikia.

Kipimo cha kelele kikapanda hadi mwisho. Simu iliingia.

"Halo, unazungumza na Sylvie," alisema Voahangy.

* * *

Ndriana alifika jioni ile ile, nguo zimejaa vumbi la safari ya siku mbili. Alipita katikati ya watu bila kuwasalimu, akafika kitandani, akasimama. Aliliona lamba.

"Nani amefunika?"

Watu walimgeukia Voahangy.

"Mimi, shemeji," alisema Voahangy. Zamu ilikuwa imekwisha. Kompyuta ilikuwa imefungwa. Alikuwa amepiga magoti chini, mahali pa mkwe, na hakuna aliyekuwa amepiga magoti karibu naye.

Ndriana hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali. "Nilipanda basi na picha yake moyoni," alisema. "Nilikuwa nasema, nitamwona. Njia nzima." Alinyoosha mkono juu ya ile nguo, vidole vikabaki hewani. Akaurudisha mkono mfukoni. "Kwa nini?"

Voahangy aliyatafuta maneno ya kueleza ukingo mwekundu, na mraba, na mstari unaofupika. Yalikuwapo kwa Kifaransa. "Kazi," alisema.

Wazee walikaa uani kidogo, wakarudi. Rabenja hakumtazama. Alisema wameamua kwamba mkwe hatakwenda kaburini. Atabaki. Siku yake yeye ya kufa ikifika, ukoo utaona la kufanya.

"Baba mdogo," alisema Solofo. "Gari lile. Ng'ombe yule. Ni yeye..."

"Tumekula," alisema Rabenja. "Tumeshiba. Tunamshukuru. Lakini hatakwenda."

Solofo alikaa kimya, na kimya hicho Voahangy alikuwa amekisikia mara moja tayari siku ile.

Ijumaa asubuhi gari lilisimama barabarani, na marehemu akapandishwa, amefungwa katika hariri ya ukoo. Kulikuwa na ukungu. Watu walijibana kwenye benchi, wanawake na vikapu, watoto mapajani. Fitia alikuwa kwa baba yake, akipunga mkono kuelekea dirisha la nyumba. Tahiry alikuwa ameandika mapema: umepita tathmini licha ya kelele, pole tena, zamu ya leo ni maandishi tu kama tulivyoongea. Voahangy alikuwa ameketi mezani. Mtu mmoja huko mbali alikuwa anauliza lini mto wake utafika.

Hatua zilirudi kutoka garini. Bi Ravao alisimama kwenye kizingiti, na lile lamba jeupe, ambalo wazee walilibadilisha kwa hariri bila kufunua uso, limekunjwa mikononi mwake. Hakuingia. Aliliweka chini, ndani kidogo ya mlango. Kisha akaangalia, ng'ambo ya chumba kitupu, ile skrini iliyoangaza kwenye pembe.

Nje dereva alipiga honi.

"Sasa hivi," aliuliza Bi Ravao, "kinaona wangapi?"

Voahangy alitazama kidirisha cha kamera.

"Mmoja, mama."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepewa jibu sahihi, akageuka, akaenda garini.